Namna ya Kumfufua Marehemu Laptopu, Ukiwa Lupingu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliizika Windows 10 bila matanga. Habari za msiba zilifika hadi Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa, kwa sababu mambo ya aina hiyo hayasubiri barabara. Zilijitokeza kwenye laptopu ya mwalimu katikati ya andalio la somo, zikajaza skrini nzima, zikamweleza kwa upole mkubwa kwamba mashine yake haiwezi kupokea Windows 11 na kwamba ingekuwa vizuri anunue nyingine. Duka la kuinunulia halikutajwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo, wa mhudumu wa zahanati, wa mtendaji wa kijiji na wa katibu wa kwaya, yaani watu wote wa Wilaya ya Ludewa wenye kompyuta nzima iliyotangazwa marehemu. Nitaeleza namna ya kuifufua kwa mfumo endeshi wa bure. Ila usikimbie kushangilia. Walioutengeneza mfumo hawakudai hata shilingi moja. Inayodai ni njia ya kuufikisha kwako.

Hatua ya kwanza: mchunguze marehemu

Igeuze laptopu, futa vumbi, soma kibandiko. Tuseme ni Dell Latitude E6420. Ilitoka kiwandani mwaka 2011 au hapo karibu, ikafanya kazi ofisini kwa watu huko Ulaya, ikapanda kontena, ikashuka Dar es Salaam, ikauzwa Kariakoo, ikauzwa tena Makambako. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha pili na RAM ya GB 4. Windows 11 inataka RAM ya GB 4: unayo. Inataka diski ya GB 64: unayo, na chenji inabaki. Inataka chipu ya ulinzi iitwayo TPM, toleo la 2.0: hapo mlango unafungwa. Hata ungeupita, mbele yake kuna orodha ya prosesa zinazokubalika ambayo kwa upande wa Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha nane, zile zilizoanza kuuzwa 2017. Kwa hiyo mashine iliyochapa mitihani ya muhula wiki iliyopita, leo haifai hata kuchapa barua ya kuomba ruhusa. Ni sawa na kuambiwa jembe lako halilimi tena kwa kuwa mhunzi aliyelifua amehama kijiji.

Microsoft si watu wabaya kiasi hicho. Wametoa msamaha wa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026: unalipa dola 30, au unatoa pointi 1,000 za zawadi zao, au unakubali mipangilio ya kompyuta yako ikahifadhiwe kwao. Asiye na kadi ya kulipia mtandaoni na asiyejua pointi huokotwa wapi anabaki na njia ya tatu, nayo inataka intaneti. Mwaka ukiisha, mnakutana palepale makaburini.

Mfumo ninaoupigia debe mimi ni Linux Mint, wenye sura nyepesi ya Xfce. Wenyewe husema RAM ya GB 2 ndiyo mwisho wa chini na GB 4 ndiyo raha. Matoleo yake hupewa majina ya kike yanayoishia na a: toleo la 22 ni Wilma, 22.1 ni Xia, 22.2 ni Zara. Familia hii ya 22 itapata masasisho hadi mwaka 2029, wakati huo laptopu yako itakuwa na umri wa kupiga kura.

Hatua ya pili: mkwepe fundi

Hili ni gumu, kwa sababu fundi unamhitaji. Yuko Makambako, mahali ambapo barabara kuu ya Tunduma inakutana na ya Songea na reli ya TAZARA, na ndiyo maana kila kitu kilichochakaa katika nyanda za juu kusini hupumzika hapo kidogo kabla ya kuendelea na safari. Kutoka Lupingu unapandisha milima ya Livingstone hadi Ludewa mjini, unapita kwenye zege kati ya Mawengi na Lusitu ukimshukuru Mungu na mhandisi, unaingia Njombe unavaa sweta, kisha kilomita 60 nyingine. Laptopu ifunge kwenye kitenge, uipakate. Usiiweke mfuko mmoja na usipa wa kumpelekea shangazi. Tundu za feni huvuta hewa, na hewa hiyo itabaki humo.

Mazungumzo yatakuwa hivi.

"Kamwene, fundi. Naomba uniwekee Linux."

"Kamwene, mwalimu. Linux ya nini? Nakupigia Windows 11 sasa hivi, elfu kumi na tano tu."

"Si wamesema mashine haifai?"

"Hao wamesema. Mimi nina njia."

Na kweli anayo. Kuna namna ya kuruka ukaguzi wa TPM, na kuna programu ndogo ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa. Hiyo ya pili ndiyo yenye maneno. Mara nyingi huja na wageni wake, na kabla haijawekwa utaambiwa uzime kwanza kinga ya virusi. Mtu anayekwambia umfunge mbwa ndipo aingie, wewe mwenyewe unajua.

Fundi akiona unashikilia msimamo, atasema Linux ni ya wadukuzi. Mwombe simu yake. Ikiwa ni Android, kama zilivyo nyingi hapo stendi, kiini chake ni Linux. Atasema haina Word. Ni kweli. Ina LibreOffice, tutaifikia. Mwisho atasema kitu cha bure hakiwezi kuwa kizuri, na hapa nakushauri unyamaze, maana ukianza kumweleza habari za mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliyewaandikia watu Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, gari la kurudi Njombe litakuacha.

Badala ya kubishana, mpe kazi mbili anazoziweza kuliko mtu yeyote. Ya kwanza ni kuondoa diski ile ya zamani inayozunguka na kuweka SSD, akihamishia humo kila kilichokuwamo, Windows na vyote. Nasema hili kwa sauti kubwa: ukiwa na hela ya jambo moja tu, lifanye hilo, hata kabla ya kufikiria mfumo gani. Mashine iliyokuwa ikiwaka wakati wewe unachemsha chai na kuinywa itakuwa tayari kabla hujapata sukari. Ya pili ni kufungua feni, kusafisha vumbi, na kubadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, ambayo baada ya miaka yote hii imekauka. Usikubali akujaribishie hapohapo na kukwambia iko kimya. Makambako na Njombe ziko juu na baridi yake. Huko hata injini ya lori hupoa upesi. Lupingu iko usawa wa ziwa, chini ya mita 500, na huko ndiko feni inakopiga kelele za kweli.

Hatua ya tatu: zibebe GB 3 za bure

Faili la Mint lina karibu GB 3. Wanaoandika miongozo ya Ulaya husema "lipakue", kisha wanaendelea na aya inayofuata. Sisi tutakaa hapa kidogo.

Lipakue ukiwa mjini, usiku, kwa bando la usiku, huku simu ikiwa kwenye chaja. Ukilipakua moja kwa moja kwa kivinjari, litakwenda vizuri hadi asilimia tisini na kitu, halafu mtandao utakohoa, na utaanza upya na bando pungufu. Tumia torenti. Torenti huleta faili vipande vipande kutoka kwa watu wengi duniani waliokwisha kulipata, na ikikatika huendelea pale ilipoishia, hata kesho yake, hata kwa laini nyingine.

Zamani mambo yalikuwa ya kistaarabu zaidi. Ubuntu, ambayo ndiyo mama wa Mint, ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyekwishakwenda anga za juu 2002, na kwa miaka kadhaa ukiwaandikia walikutumia CD kwa posta, bure, stempu juu yao. Waliacha 2011 wakiamini kwamba dunia sasa ina intaneti. Hawakupita Lupingu.

Faili likifika, likague. Kwenye ukurasa wa Mint kuna namba ndefu ya herufi na tarakimu 64 iitwayo SHA256. Kompyuta yako nayo ina uwezo wa kukokotoa ya faili lako. Zikilingana, faili ni zima. Wataalamu husema linganisha zote 64. Watu halisi hulinganisha sita za mwanzo na sita za mwisho, wanakwenda kulala.

Hatua ya nne: flashi

Unahitaji flashi ya GB 8. Yote yaliyomo yatafutika, kwa hiyo usiazime ya kwaya. Nunua yako, na usivutiwe na ile iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya soda mbili. Hizo zipo, ndani yake kuna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo, inapokea kila unachoiwekea na kurudisha robo. Nyumba ya bure haijengwi juu ya msingi wa aina hiyo.

Kwenye Windows tumia programu iitwayo Rufus, chagua faili, chagua flashi, angalia mara mbili kwamba uliyoichagua ni flashi, bonyeza. Kunakili tu faili ndani ya flashi kama unavyonakili wimbo hakutoshi, haitawasha chochote.

Hatua ya tano, ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza

Hamisha vitu vyako. Matokeo ya miaka yote, picha za kipaimara, katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa, ile barua ya uhamisho ambayo haijajibiwa. Viweke kwenye diski ya nje au flashi nyingine kabisa. Ukishamaliza, fungua hiyo flashi kwenye kompyuta ya mtu mwingine uone kama vimo kweli.

Hatua ya sita: washa, uombe umeme

Kama betri ya laptopu yako ni kama za wenzake wa umri huo, ipo kwa ajili ya kuziba tundu. Basi chagua siku isiyo na upepo wala ngurumo. Umeme ukikatika katikati, hakuna kilichoharibika zaidi ya saburi yako. Unaanza tena, flashi bado ni nzima.

Zima kabisa, chomeka flashi, washa, na papo hapo bonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP. Bonyeza mfululizo, kitufe hakichoki. Itatokea orodha, chagua flashi.

Sasa tukio la kupendeza: Mint inawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unaweza kuizungukia, kufungua faili, kusikiliza kama sauti inatoka, kuongeza mwanga wa skrini, kuona kama waifai inaonekana. Ukichukia, unazima na Windows yako ipo palepale. Sijui mfumo mwingine unaouzwa ambao hukuruhusu kulala nyumbani mwake kabla ya kulipa kodi, na huu hauuzwi hata kidogo.

Ukiridhika, bonyeza alama ya kusakinisha. Itakuuliza lugha. Ukikikuta Kiswahili ukakichagua, menyu zitakuja nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na kabla hujalalamika, fahamu kwamba tafsiri hizo hufanywa na watu wa kujitolea, na kwamba sisi ndio tuliotangulia. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, ya bure. Tukapiga makofi, tukarudi kwenye Word ya Kiingereza.

Itakuuliza eneo. Chagua Dar es Salaam, usichague Blantyre ati kwa kuwa Malawi unaiona ng'ambo ya ziwa. Wako nyuma kwa saa moja, na utachelewa gwaride la asubuhi.

Kisha lile swali linalotoa jasho: kufuta diski yote, au kuiweka Mint ubavuni mwa Windows? Wenye moyo mzito huweka ubavuni, wakiahidi kurudi Windows "kwa dharura". Kwenye diski ndogo ni kugawana chumba kimoja na mpangaji asiyelipa. Mimi ningefuta. Lakini kama hatua ya tano uliisoma tu bila kuitenda, acha kila kitu, urudi.

Hatua ya saba: intaneti ya kutafutia intaneti

Baadhi ya laptopu za zamani zina waifai ya Broadcom, ambayo haifanyi kazi bila draiva maalumu. Draiva inapatikana mtandaoni. Mtandaoni unafika kwa waifai. Ukilitafakari hili sana utashikwa na kizunguzungu.

Dawa iko mfukoni. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa chaja, ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya kugawa intaneti, chagua kwa njia ya USB. Laptopu itadhani imechomekewa waya wa mtandao wa ofisi. Fungua Meneja wa Draiva, ataiona Broadcom, mwambie aiweke. Ukishamaliza, nenda haraka kwenye Meneja wa Masasisho ukahakikishe hajiamulii mwenyewe kupakua, maana furaha ya kwanza ya mfumo mpya ni kutaka kujisasisha wote, na bando lako halijui hayo.

Maisha baada ya ufufuo

Kazi za serikali zinazopita kwenye kivinjari, kama mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji wa watumishi, zitaendelea kukusumbua kwa kiwango kilekile. Firefox imo tayari. Printa nyingi za HP hutambuliwa zenyewe, jambo litakalokushangaza ikiwa umewahi kutafuta CD ya printa. Faili za Excel za matokeo zitafunguka kwenye LibreOffice, wastani na nafasi zitajikokotoa, isipokuwa la yule mwenzako aliyelitengeneza kwa makro ishirini na vitufe vya rangi. Hilo litagoma. Na hata kwenye Windows lilikuwa linagoma, ila tulimstahi.

Ugomvi wa kweli uko steshenari. Times New Roman haimo kwenye Mint, badala yake kuna Liberation Serif iliyopimwa ilingane nayo upana, lakini ukimpelekea mchapaji faili la Word lenye majedwali, jedwali litahama. Atakutazama kwa huruma na kusema, "Mwalimu, kompyuta yako ina tatizo." Siku zote mpelekee PDF.

Flashi yako itarudi kutoka huko ikiwa na ugonjwa. Unaujua: folda zimegeuka shotikati, ukibonyeza zinafunguka mara mbili au hazifunguki, na kila kompyuta inayoguswa nayo inaambukizwa. Ichomeke kwenye Mint. Folda zako za kweli zitaonekana zote, zile zile ambazo kirusi kimezificha, kwa sababu alama ya kuficha kinayotumia Mint haiijali. Pembeni yake utakuta shotikati zenye majina ya folda, faili la autorun.inf, na programu moja yenye jina la ovyo lililopigwa kwa kibodi gizani. Kirusi kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hapa kimekaa kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Chagua, futa, toa flashi. Kazi nzima ni chini ya dakika moja.

Kuwa mwangalifu nani anakuona ukifanya hivyo. Habari zitafika sokoni kabla ya jioni, na kuanzia hapo wewe ni daktari wa flashi wa kata nzima. Katibu wa kwaya ataleta ya nyimbo za Pasaka. Mtendaji ataleta ya bajeti. Meli ikitia nanga atashuka mtu wa Manda usiyemjua akiulizia nyumba ya mwalimu wa kompyuta. Wote watakuuliza hiyo ni Windows gani, na ukisema si Windows watauliza umeinunua bei gani, na ukisema bure wataangalia pembeni. Taja bei yoyote. Elfu arobaini inaheshimika.

Limebaki jambo dogo: kile kibandiko cha Windows karibu na kibodi. Vijana hukibandua kwa fahari. Wewe kiache. Siku ukitaka kuiuza hiyo laptopu Makambako, mnunuzi atakitazama kwanza kibandiko kabla hajaiwasha.